Nailoni chini ya zege: gharama inayolipwa mara moja tu

Na Mwandishi Wetu, Kilosa

MFANYABIASHARA anayejenga ghala la mazao Kilosa au nyumba ya wageni Mikumi hupewa na mkandarasi orodha ndefu ya vifaa: saruji, nondo, kokoto, mchanga, mbao na mabati. Katikati ya orodha hiyo huwapo mstari mmoja mfupi wa nailoni nzito, wenye kiasi kidogo cha fedha kuliko karibu yote mengine. Bajeti inapobana, mstari huo huwa miongoni mwa ya kwanza kukatwa.

Rangi inaweza kusubiri mwakani. Dari inaweza kusubiri faida ya msimu ujao. Nailoni haisubiri, kwa kuwa mahali pake ni chini ya zege au ndani yake, na zege likishakauka nafasi hiyo imefungwa. Atakayeikumbuka baadaye atalazimika kuvunja sakafu au kumwaga nyingine juu yake, na gharama hiyo haikuwamo katika hesabu ya mkopo wake.

Ukurasa huu unaeleza wiki hii nailoni hiyo hufanya kazi gani, inanunuliwaje, na mwenye mali anapaswa kukagua nini kabla hajatoa ruhusa ya kumwaga zege.

KILOSA NA MIKUMI

Wilaya ya Kilosa ina sababu mbili za kuvutia mwekezaji mdogo. Kwanza, ni wilaya ya mazao: mahindi, mpunga, ufuta na alizeti, mbali na mashamba ya zamani ya mkonge upande wa Kimamba na Rudewa. Pili, inapitiwa na njia kubwa. Reli ya Kati imepita Kilosa tangu enzi za Wajerumani, na reli ya kisasa ya SGR, iliyoanza kupeleka abiria hadi Dodoma Julai 2024, nayo ina stesheni Kilosa. Mji wa Mikumi, ulio katika wilaya hiyo hiyo, uko kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Mbeya na unapakana na Hifadhi ya Taifa ya Mikumi iliyoanzishwa mwaka 1964.

Kwa hiyo Kilosa mwekezaji hufikiria ghala, na Mikumi hufikiria vyumba vya kulala wageni. Majengo hayo mawili yana adui mmoja, maji, ingawa kila moja huvamiwa kwa njia yake. Sakafu ya ghala hupata maji kutoka ardhini. Karo na matangi ya nyumba ya wageni hushambuliwa na yaliyomo ndani yake.

MAJI HUPANDAJE

Wengi huamini kuwa zege ni kama jiwe, na kwamba maji hayapiti. Ukweli ni kwamba zege lina vitundu vidogo sana visivyoonekana kwa macho, na vitundu hivyo hufyonza maji kutoka ardhini kama utambi wa koroboi unavyofyonza mafuta ya taa. Hata pale ambapo maji yenyewe hayafiki juu, mvuke wake hupenya.

Kilosa imekaa bondeni, kando ya Mto Mkondoa. Wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, udongo hushiba maji. Sakafu ya zege iliyolala moja kwa moja juu ya kifusi inaweza kuonekana kavu mchana huo wote, huku ikitoa unyevu polepole usiku na mchana. Mwenye ghala haoni dimbwi. Anachokiona, wiki kadhaa baadaye, ni magunia ya safu ya chini yenye harufu ya uvundo.

Jaribio la kuthibitisha hili ni rahisi na halina gharama. Chukua kipande cha nailoni angavu chenye ukubwa wa nusu mita kwa nusu mita, kiweke juu ya sakafu ya ghala unalotaka kupanga au kununua, kisha gundisha kingo zake zote kwa utepe. Kiache siku moja hadi mbili. Ukikuta matone upande wa chini, au zege limebadilika rangi na kuwa jeusi zaidi, sakafu hiyo inapitisha unyevu. Mpangaji atakayefanya jaribio hili kabla ya kutia saini mkataba anaweza kujiokolea shehena nzima.

GUNIA MOJA LINA HASARA GANI

Kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa mahindi ya nafaka ni unyevu usiozidi asilimia 13.5. Gunia la kilo 100 lenye unyevu huo lina kilo 13.5 za maji na kilo 86.5 za nafaka kavu. Gunia hilo likifyonza unyevu hadi asilimia 16, uzito wake hupanda na kufikia karibu kilo 103.

Mfanyabiashara asiye makini anaweza kufurahia kilo hizo 3 za ziada. Furaha hiyo ni fupi, kwa sababu mahindi yenye unyevu huo huota ukungu, na baadhi ya aina za ukungu hutengeneza sumukuvu. Kiwango hicho hicho cha Afrika Mashariki kinaruhusu jumla ya sumukuvu isiyozidi mikrogramu 10 kwa kilo ya mahindi. Shehena inayozidi hapo hupoteza soko la viwanda vya unga na soko la nje kwa pamoja. Aidha, suala hili linagusa maisha ya watu: mwaka 2016 watu wapatao 20 walifariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara kutokana na mahindi yenye sumukuvu.

Kuna upande wa mkopo pia. Chini ya Sheria ya Stakabadhi za Maghala ya mwaka 2005, mazao yaliyohifadhiwa katika ghala lenye leseni yanaweza kuwa dhamana ya kukopea. Stakabadhi hutaja kiasi na ubora wa mazao siku yalipopokelewa. Yakiharibika ghalani, dhamana imepungua huku deni likibaki lilivyo. Sakafu yenye unyevu, kwa hiyo, si shauri la fundi pekee. Ni shauri la benki, la mwenye ghala na la mwenye mazao.

HESABU YA GHALA DOGO

Tuchukue mfano wa ghala la mita 10 kwa mita 20, yaani mita za mraba 200, lenye sakafu ya zege ya unene wa sentimita 10. Zege linalohitajika ni mita za ujazo 20. Kwa mchanganyiko wa kawaida wa moja, mbili, nne, kila mita ya ujazo hula kati ya mifuko 6 na 7 ya saruji ya kilo 50. Sakafu nzima inahitaji takriban mifuko 130, mbali na mchanga, kokoto, maji na vibarua. Uzito wa zege hilo likishamwagwa ni karibu tani 48.

Sasa upande wa nailoni. Ikiwa roli lina upana wa mita 4, sakafu hiyo itahitaji vipande 6 vya urefu wa mita 10 na nusu na kidogo, ukihesabu mipishano na sehemu ya kupandisha ukutani. Jumla ni kama mita za mraba 250. Nailoni ya unene wa robo milimita, ambayo wauzaji wa vifaa vya ujenzi huiita geji 1000, ina uzito wa karibu gramu 230 kwa mita ya mraba. Jumla yake haifiki kilo 60.

Msomaji aweke bei za mji wake upande huu na upande ule. Bei hubadilika kila msimu, lakini uwiano haubadiliki sana: kilo 60 za plastiki zinalinda tani 48 za zege pamoja na kila gunia litakalowekwa juu yake kwa miaka yote ya uhai wa ghala.

KUPIMA DUKANI

Tatizo la kwanza la mnunuzi ni kuuziwa nailoni nyembamba kwa jina la nzito. Nailoni nyeusi ya kuotesha miche au ya kufunikia mizigo haifai, kwani hutobolewa na kokoto ya kwanza.

Mizani ya duka inatosha kuondoa ubishi. Kata, au omba ukatiwe, mita moja kwa mita moja, kisha pima. Ikiwa ni ya robo milimita, mizani itaonyesha karibu gramu 230. Ikionyesha gramu 120, umeuziwa nusu ya ulicholipia. Njia nyingine ni kukunja tabaka 20, kuzibana vizuri na kupima unene kwa rula: zinapaswa kufika milimita 5.

Angalia pia kama nailoni ina matundu ya sindano kwa kuinyanyua juani. Ivute kwa mikono: ile iliyotengenezwa kwa plastiki duni iliyorudiwa mara nyingi hukatika ghafla badala ya kunyumbuka.

Baadhi ya wanunuzi wamekuwa wakihofia kuwa nailoni ya ujenzi imepigwa marufuku. Katazo lililoanza tarehe 1 Juni 2019 lililenga mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa. Kanuni zake hazikuzuia plastiki inayotumika katika sekta ya ujenzi wala katika kilimo.

SIKU YA KUMWAGA ZEGE

Nailoni nzuri iliyotandikwa vibaya ni hasara kamili, maana mwenye mali amelipa na bado hakupata kinga. Kazi yenyewe ina hatua chache.

Kwanza, kifusi na mawe vishindiliwe, kisha juu yake itandazwe tabaka la mchanga laini la sentimita 5 hivi ili ncha za mawe zisitoboe. Pili, vipande vipishane kwa sentimita 30 na kubandikwa kwa utepe wa kuzuia maji. Tatu, kingo zipandishwe ukutani hadi zikutane na ile karatasi ya kuzuia unyevu inayolazwa katika kuta juu ya msingi. Pengo kati ya sakafu na ukuta ndilo mlango ambao maji huutumia zaidi. Nne, kila bomba linalopita sakafuni livishwe kola ya nailoni na kufungwa.

Baada ya hapo, hatari kubwa ni miguu na matoroli. Nondo zikiburutwa juu ya nailoni huipasua. Toroli la zege lipite juu ya mbao, na nondo zikalie vijiwe vya zege vyenye kitako bapa, si mawe yaliyookotwa. Tundu likionekana, libandikwe kiraka kikubwa kabla ya zege kufika hapo.

Kuna jambo moja ambalo mafundi wengine hulisahau. Nailoni huzuia maji ya zege yasizame ardhini, na hilo ni jema kwa ukomaaji wake. Hata hivyo, maji hayo sasa yana njia moja tu ya kutoka, juu. Jua la Kilosa likiukausha uso haraka huku upande wa chini ukiwa bado na maji, pembe za sakafu hunyanyuka na kupasuka. Dawa yake ni kuifunika sakafu kwa mchanga au magunia na kuimwagilia kwa siku 7 angalau.

Sakafu pia ipewe muda wa kukauka. Zege la Aprili lisipakiwe magunia mwezi Mei, kwa sababu maji yaliyochanganywa na saruji nayo ni unyevu. Anayetaka kupokea mavuno ya Juni hadi Agosti afanye hesabu ya kumwaga sakafu mapema, kabla masika haijaanza.

MIKUMI: KARO NA TANGI

Katika nyumba ya wageni, plastiki hufanya kazi nyingine. Miji midogo mingi haina mtandao wa mabomba ya maji taka, hivyo nyumba ya wageni hutegemea karo lake yenyewe. Maji taka yaliyokaa bila hewa hutoa gesi yenye harufu ya yai bovu. Gesi hiyo hupanda na kukutana na umande ulio chini ya mfuniko wa zege. Hapo bakteria huigeuza kuwa asidi ya salfa, ile ile ya betri za magari. Mwanasayansi C. D. Parker wa Melbourne, Australia, ndiye aliyebainisha kazi ya bakteria hao katika miaka ya 1940.

Asidi hiyo hula zege juu ya usawa wa maji, yaani mfuniko na sehemu ya juu ya kuta, na kuligeuza kuwa kitu laini kama jasi. Joto huharakisha kazi hiyo. Mwenye nyumba akitazama kutoka juu haoni lolote hadi siku mfuniko unapobonyea. Tahadhari: mtu asiingie ndani ya karo kukagua. Gesi hiyo huua haraka, na mara nyingi humwua pia anayeingia kuokoa.

Kinga iliyotumika duniani kwa muda mrefu ni kuvisha zege ngozi ya plastiki wakati linamwagwa. Los Angeles, nchini Marekani, ilianza kutumia bitana ya namna hii katika mabomba makubwa ya maji taka mwishoni mwa miaka ya 1940. Karatasi ya plastiki ngumu, yenye unene wa milimita kadhaa, huwa na meno upande wa nyuma. Hufungwa kwenye mbao za kumwagia zege, meno yakielekea zege litakapokuwa. Zege likimwagwa huyakumbatia meno hayo. Mbao zikitolewa, plastiki imebaki imeshikwa na haiwezi kubanduka hata maji ya ardhini yakiisukuma kutoka nje.

Viungo vyake huchomelewa kwa joto, kwani plastiki ya aina hii haishiki gundi. Baadaye kila kiungo hupimwa kwa kifaa cha umeme kinachotoa cheche mahali penye tundu. Kazi hiyo inahitaji fundi mwenye mashine, si utepe na kisu. Jua nalo lihesabiwe: kipande cha mita 10 kikipata joto la nyuzi 20 zaidi hurefuka kwa sentimita 3 hadi 4, wakati zege kwa joto hilo hurefuka milimita 2 tu. Plastiki iliyofungwa saa 7 mchana bila nafasi ya kunywea itakuwa imejivuta asubuhi. Wazoefu hufunga na kuchomelea mapema, kabla ya jua kali.

Je, mwekezaji mdogo wa Mikumi anaihitaji? Si kila mara. Kwa maji ya kunywa ya lita 5,000 au 10,000, tangi la plastiki la dukani ni jibu rahisi zaidi. Kwa karo la vyumba vichache, zege zito lililoshindiliwa vizuri pamoja na bomba refu la kutoa hewa huweza kutosha. Bitana yenye meno huanza kuwa na maana kwa hoteli kubwa, kiwanda, au birika linalohifadhi kitu kinachokula zege, kama vile majitaka ya mkonge yenye asidi. Hapo gharama ya kusimamisha biashara ili kujenga upya ni kubwa kuliko ya bitana.

MFANO WA MAHANDAKI

Wakubwa wamekwisha kubali hesabu hii zamani. Reli ya SGR inapoacha bonde na kupanda milima ya Kilosa hupita katika mahandaki manne, yenye urefu wa zaidi ya kilometa 2 kwa jumla. Katika ujenzi wa kisasa wa mahandaki, kawaida ni kupulizia zege la kwanza juu ya mwamba, kuvisha juu yake kitambaa kizito na karatasi ya plastiki, kisha kumwaga zege la mwisho kwa ndani. Maji ya mlima hukutana na plastiki, huteremka pembeni na kutoka kwa mifereji. Viungo huchomelewa mistari miwili sambamba, na hewa husukumwa katika uwazi ulio kati yake. Hewa ikipungua, kuna mahali panapovuja, na zege halimwagwi hadi parekebishwe.

Utaratibu huo wa kupima kwanza na kumwaga baadaye ndio unaokosekana katika majengo mengi madogo, ambako lori la kokoto likifika kila mtu huharakisha.

MIPAKA YAKE

Nailoni haizuii mafuriko. Mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010, yaliyokata reli na kuwaacha maelfu ya watu wa Kilosa bila makazi, yaliingia kwa milango. Kinga ya hayo ni kuchagua kiwanja na kuinua sakafu juu ya usawa wa ardhi. Nailoni pia haichukui nafasi ya chaga chini ya magunia, wala haikaushi mahindi yaliyoletwa yakiwa mabichi. Tena, ghala la zamani lisilo na nailoni haliwezi kuwekewa sasa isipokuwa kwa kutandika juu ya sakafu iliyopo na kumwaga tabaka jipya, jambo linalopunguza kimo cha mlango na kula saruji upya.

KABLA YA KUTOA RUHUSA

Mwenye mali ambaye si mhandisi anaweza kujilinda kwa kuandika katika mkataba mambo manne: unene wa nailoni kwa mikroni (geji 1000 ni mikroni 250), upana wa mipishano, kimo cha kupandisha ukutani, na sharti kwamba zege lisimwagwe kabla yeye au mwakilishi wake hajaikagua na kuipiga picha. Malipo ya hatua ya sakafu yafungamanishwe na ukaguzi huo.

Ukaguzi wenyewe huchukua chini ya saa moja. Atembee pekupeku au kwa viatu laini, atazame kila kiungo, kila bomba na kila kona. Saa hiyo ikipita, kilichoko chini hakitaonekana tena na mtu yeyote, na ubora wake utajulikana kwa hali ya magunia ya safu ya chini tu.